SOMO LA UFUNDI: BUNDUKI YA MATOFALI YA KUCHEZEA

Mwalimu mlezi wa chama aliponiambia niandike makala ya jarida la mwaka huu, nilitaka kuandika juu ya methali. Akanikatalia katakata. Akasema, "Methali kila mwaka tunazo. Wewe andika juu ya ile bunduki yako. Andika ilivyojengwa, na yale yaliyokupata pia uyaandike, usiyafiche." Basi nimetii amri. Mwenye nia ya kujifunza asome na penseli mkononi kwa kuwa kuna hesabu. Mwenye kutaka hadithi tu avumilie, hadithi iko mbele.

Kwanza niwaondolee hofu wale ambao hawajaiona. Bunduki yenyewe haifyatuki. Haina risasi, haina baruti, haina hata mpira wa kuvutia. Ni matofali ya plastiki ya kuchezea watoto, yale yenye vinundu juu na matundu chini, ambayo ukiyabana hushikana na ukiyavuta huachana. Watu wengi huyaita Lego yote, lakini Lego ni jina la kampuni moja ya Denmark, na ukiangalia kwa makini utaona jina hilo limeandikwa juu ya kila kinundu. Yasiyo na jina yametengenezwa na kampuni nyingine. Nitaeleza baadaye kwa nini jambo hili dogo lilinitoa jasho.

Wazo nililipata katika simu ya mama. Nilisoma kwamba mwaka 2012 kijana mmoja wa Uingereza, Jack Streat, alichapisha kitabu cha kufundisha namna ya kujenga bunduki za ukubwa halisi kwa matofali hayo. Sikukiona kitabu chenyewe, wala sikuwa na pesa za kukiagiza. Nilichokiona ni picha chache tu. Lakini mmoja wa mifano yake ulikuwa wa bunduki aina ya Lee-Enfield, na jina hilo nilikuwa nimekutana nalo katika somo la historia. Ndiyo bunduki iliyobebwa na jeshi la Uingereza katika vita vyote viwili vikuu vya dunia. Askari wa King's African Rifles waliibeba pia, na ilikuwa humu nchini wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952 hadi 1960. Nikajiambia, hii ndiyo yangu. Kama Mwingereza ameijenga kwa kuwa ni ya kwao, mimi nitaijenga kwa kuwa ilitumika kwetu.

Sasa matofali. Mchezo huu ni wa watoto wa tajiri, na boksi moja jipya dukani linaweza kula karo ya muhula. Lakini mitumba si nguo tu. Pale Gikomba kuna wauzaji wa vidude vya watoto vinavyokuja kwa marobota, na kama una macho makali utapata matofali yamechanganyika na magurudumu, vichwa vya wanasesere na vipande vya mafumbo ya karatasi. Muuzaji wangu aliniuzia kwa kilo. Nilinunua kilo mbili, kwa pesa nilizopata nikimsaidia mjomba wangu kazi ya mjengo wakati wa likizo.

Kosa la kwanza nililifanya jioni ile ile. Matofali yalikuwa na uchafu, nami nikayamwagia maji yaliyochemka kama mtu anayechinja kuku. Kumbe plastiki ile haipendi moto. Matofali kadhaa yalipinda, mengine yakalegea, yakawa hayashiki tena. Yaosheni kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maji ambayo mkono wako unaweza kuyastahimili bila shida, kisha yaanikeni kivulini.

Tuje kwenye hesabu. Tofali lenye vinundu viwili kwa vinne, ambalo ndilo la kawaida, lina urefu wa milimita 31.8 na upana wa milimita 15.8. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi katikati ya kinundu cha pili ni milimita 8 kamili. Kwa hivyo vinundu vinne vingefaa kuwa milimita 32, lakini zimepunguzwa nukta mbili ili matofali mawili yakae kando kwa kando bila kusukumana. Kimo cha tofali, bila kinundu, ni milimita 9.6. Kuna pia vibamba vyembamba vya kimo cha milimita 3.2, na vitatu kati yake hulingana na tofali moja. Zishikeni namba hizi tatu, 8 na 9.6 na 3.2, kwa kuwa ufundi wote umekaa humo.

Lee-Enfield ya namba 4 ina urefu wa karibu milimita 1130. Ukigawanya kwa 8 unapata 141 na robo. Robo ya kinundu haiuzwi popote, kwa hivyo nikachukua vinundu 141, sawa na milimita 1128. Tofauti ya milimita mbili hata jeshi lenyewe halingeiona.

Urefu nilikuwa nao kwa namba, lakini unene na kimo cha kila sehemu sikuwa nacho. Hapa nawapa ujanja ambao nauonea fahari kidogo. Nilipeleka picha ya bunduki kwa mtu wa fotokopi nikamwambia aikuze mpaka bunduki iwe na urefu wa milimita 226 juu ya karatasi. Kwa nini 226? Kwa sababu 226 mara tano ni 1130. Sasa kila milimita ya karatasi ni milimita tano za bunduki halisi, na rula ya shule inatosha. Kitako kilikuwa na kimo cha milimita 24 kwenye karatasi, basi ni milimita 120. Sehemu ya mbele, ule mti unaoshikwa chini ya mtutu, ilikuwa milimita 9, basi ni 45.

Badilisha hayo yawe matofali. Milimita 120 ukigawanya kwa 9.6 unapata matofali 12 na nusu. Ukiweka matofali 12 na kibamba kimoja unapata milimita 118.4, na ukiweka vibamba viwili unapata 121.6. Zote mbili zinakosa kwa milimita 1.6, moja chini na nyingine juu! Nikakwama nusu saa nzima hapo, nikidhani nimekosea. Mwishowe nilichukua kibamba kimoja kwa sababu vibamba vyangu vilikuwa haba. Kwa ule mti wa mbele, matofali manne na vibamba viwili yangenipa milimita 44.8, ambayo ni karibu sana na 45, lakini kwa uhaba huo huo niliweka matofali matano, milimita 48. Mkulima hupanda mbegu aliyo nayo.

Kwa makadirio, upana niliamua uwe vinundu vinne kote, yaani milimita 32. Bunduki yenyewe ni nene zaidi ya hapo, lakini kila kinundu cha upana unachoongeza kinadai matofali mengi sana. Sehemu ya mbele niliihesabu vinundu 100 kwa urefu, 4 kwa upana, tabaka 5, jumla 2000. Kitako vinundu 41, kwa 4, kwa tabaka 10 kwa wastani kwa kuwa kinaanza chembamba na kunenepa, jumla 1640. Zote pamoja 3640. Tofali moja lina vinundu 8, kwa hivyo nilihitaji matofali 455 ya kawaida, ukiacha nakshi. Mwenye duka la jirani alikubali nipime matofali kumi kwenye mizani yake ya sukari, yakawa na gramu 23. Basi bunduki yangu ingekuwa na uzito wa kilo moja na ushei, na Lee-Enfield ya kweli ina karibu kilo nne. Sikuamini. Nilijaza matofali manne ya ujenzi ndani ya mkoba nikautundika begani kutoka nyumbani hadi stejini, kuonja tu askari alivyohisi. Sikufika stejini.

Baada ya hesabu nilianza kujenga, na kwa siku nne nilijenga upuuzi. Nilikuwa napanga matofali mwisho kwa mwisho, tabaka la kwanza, halafu la pili juu yake vivyo hivyo, viungo juu ya viungo. Ilipendeza machoni. Nikaiinua kwa kitako, ikakatika vipande vinne kama muwa. Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa mawe, alikuwa ameketi akinywa chai. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Wewe umenibebea mawe likizo nzima na hujaona vile napanga?" akaniuliza. "Hii ukuta yako haijafungana. Jiwe la juu lazima likalie mawili ya chini, nusu huku, nusu kule. Na kila baada ya mistari kadhaa tunaweka nini?"

"Ukanda wa chuma, mjomba."

"Haya. Ukanda wako uko wapi?"

Ukanda wangu ulikuwa vile vibamba virefu, vya vinundu kumi au kumi na viwili, ambavyo nilikuwa nimevitupa pembeni nikidhani havina kazi. Nilibomoa yote nikaanza upya. Kila tofali la tabaka la pili lilikalia mawili ya chini, na juu ya tabaka la pili na la nne nililaza vibamba virefu kutoka mwisho hadi mwisho. Hapo vibamba viliongeza kimo kidogo, nami nikalipa deni hilo kwa kuondoa vingine juu. Bunduki ikashika. Ukiishika kwa kitako mdomo wake huinama kidogo tu, kama mtu anayesalimia.

Mahali pamoja pakabaki pabaya, nacho ni kishingo, pale kitako kinapoungana na sehemu ya kifyatulio. Pale bunduki ni nyembamba sana na uzito wote wa mbele unategemea hapo. Hata bunduki za kweli zenye mti huvunjika hapo zikiangushwa vibaya. Na ndipo yale matofali yasiyo na jina yaliponiumbua. Mengi yao ni madogo au makubwa kwa kiasi ambacho jicho halikioni, lakini kidole kinakijua. Moja likiwa katikati ya ukuta, yote yaliyo juu yake hayakai sawa. Weka ya jina mahali penye kazi nzito, kishingo na viungo, na haya mengine yajaze tumbo.

Niseme machache kuhusu asili ya matofali haya, kwa sababu kuna jambo linalohusu silaha. Aliyeanzisha kampuni hiyo ni seremala, Ole Kirk Kristiansen, katika mji wa Billund, mwaka 1932. Alikuwa akichonga vitu vya kuchezea vya mbao. Jina Lego lilikuja mwaka 1934, limetokana na maneno mawili ya Kidenishi yenye maana ya cheza vizuri. Matofali ya plastiki yalianza mwaka 1949, lakini hayakuwa yakishikana sawasawa mpaka walipoyawekea vile vibomba tupu tumboni, wakaandikisha uvumbuzi huo tarehe 28 Januari 1958. Tofali la mwaka ule linaingia katika tofali la leo bila matata. Mwalimu wetu wa hisabati alinipa jambo lingine la kushangaza: ukiwa na matofali sita tu ya vinundu viwili kwa vinne, ya rangi moja, waweza kuyaunganisha kwa namna 915,103,765. Hesabu hiyo ilifanywa na mwanahisabati wa Denmark, Søren Eilers, akisaidiwa na kompyuta.

Sasa hili la silaha. Kampuni hiyo haitengenezi bunduki za kisasa. Panga za mashujaa wa kale na bastola za maharamia wa baharini wanazo, lakini silaha za jeshi la leo, zile mtoto anazoweza kuziona katika habari za vita, wamezikataa, na msimamo huo waliuandika katika ripoti yao ya mwaka 2010. Inasemekana hata rangi ya kijivu waliiogopa zamani watoto wasije wakajenga vifaru. Ngome yao ya mwaka 1978 ilikuwa ya manjano! Ngome ya manjano, jamani. Kwa hivyo bunduki kama yangu, na kama za yule Mwingereza, ni mambo ambayo mwenye matofali mwenyewe hakuyataka. Niliposoma hayo nilicheka. Niliwaona kama watu waoga.

Hapo ndipo ninapofika kwenye yale ambayo mwalimu alisema nisiyafiche.

Bunduki yangu ilikuwa na rangi zote za soko la Gikomba: nyekundu, manjano, buluu, kijani, nyeupe iliyogeuka rangi ya meno. Ilionekana kama basi la harusi. Nilitaka ionekane ya kweli. Nikanunua tepu nyeusi ya mafundi wa umeme, misokoto miwili, nikaizungushia mtutu na komeo, na kitako nikakifunika kwa tepu ya kahawia ya kufungia maboksi. Ukisimama hatua kumi, wallahi, ungedhani ni yenyewe. Siku ya Ijumaa nikaileta shuleni kuwaonyesha wanachama. Wenzangu wakaishangilia. Jioni nikaifunga katika leso ya mama nikaelekea nyumbani kwa miguu, kwa kuwa sisi wa shule ya kutwa hatuna bweni la kufichia vitu. Leso ilikuwa fupi. Mdomo wa mtutu ulikuwa nje kiasi cha shubiri moja.

Karibu na steji, saa kumi na mbili na nusu, giza likiingia, nikasikia sauti nyuma yangu: "Wewe! Simama! Weka chini!" Walikuwa askari wawili wa doria. Mmoja alikuwa ameshaelekeza bunduki yake kwangu, na hiyo haikuwa ya matofali. Miguu yangu ilitaka kukimbia. Sijui ni nini kilichonizuia. Nadhani ilikuwa woga tu, woga uliopita kiasi mpaka miguu ikasahau kazi yake. Mikono yangu ikaachia. Bunduki ikaanguka kwenye lami, ikavunjika kishingo, pale pale nilipowaambia, tepu ikapasuka, na matofali mekundu na ya manjano yakaviringika barabarani mpaka miguuni mwa yule askari.

Akaokota moja la manjano. Akaligeuza. Akalitazama tena. "Hii ni nini?" akauliza. Nikajaribu kusema "Chama cha Kiswahili", ikatoka sauti ya paka. Mwenzake akashusha bunduki. Walinipekua, wakasoma jina la shule kwenye sweta, wakanisuta. Yule mwenye tofali alipokuwa akinirudishia alisema kwa sauti ya chini, bila ukali hata kidogo, "Kijana, ungekimbia tungekuzika." Wakaenda zao.

Niliokota matofali nikiwa nimepiga magoti. Mama mmoja anayeuza mandazi pale alikuja na tochi ya simu akanisaidia bila kuniuliza neno. Thelathini na moja yaliingia mtaroni, sikuyapata.

Baadaye nimejua kwamba nchini Marekani kuna sheria tangu mwaka 1988 inayotaka bunduki za kuchezea ziwe na alama ya rangi ya machungwa mdomoni, ili polisi aweze kutofautisha. Na sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, inataja bunduki bandia pia: anayeitumia ili kutenda uhalifu ana hatia. Mimi sikuwa na nia ya uhalifu, lakini nia haionekani gizani. Kilichoniokoa ni zile rangi nilizokuwa nikizionea haya. Kwa hivyo kanuni ya chama chetu sasa, nami ndiye niliyeiandika ubaoni, ni kwamba hakuna tepu, hakuna rangi ya kupaka, na hakuna kutembea nayo ikiwa nzima. Nimeigawa vipande vitatu vya vinundu 47, kwa kuwa 47 mara tatu ni 141 hasa. Kila kimoja ni milimita 376. Vipande viwili vina ulimi wa vinundu vinne unaoingia katika kipande kinachofuata, ukikandamizwa juu na kibamba. Vyote vinaingia katika mkoba wa kawaida pamoja na vitabu.

Baada ya tukio lile sikuigusa kwa majuma mawili. Aliyenirudisha kazini ni nyanya yangu.

Nyanya, mama yake baba, alikuja kutoka Murang'a kufanyiwa upasuaji wa macho. Ana mtoto wa jicho, pande zote mbili. Huniita "mume wangu" kwa kuwa nimepewa jina la babu, na siku zote huniuliza nimemletea nini. Siku hiyo mezani palikuwa na vile vipande, nimeviunganisha ili kuvipiga picha kwa ajili ya jarida hili. Akapapasa meza akitafuta kikombe, mkono wake ukaangukia mtutu.

"Hii ni nini, mume wangu?"

Niliogopa kumwambia. Nilijua kidogo habari zake. Mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka tisa, na watu wa kwao waliondolewa mashambani wakakusanywa katika kijiji kilichozungukwa na handaki, chini ya ulinzi. Nikasema, "Ni mchezo wa shule, shosho. Ni bunduki ya plastiki."

Hakuuondoa mkono. Aliupeleka polepole kutoka mdomoni, akapita mti wa mbele, akafika kwenye kikasha cha risasi, akakishika, akaendelea nyuma mpaka penye komeo. Hapo akasimama. Akapapasa upande mmoja, akapapasa wa pili.

"Hili umeliweka kubaya," akasema.

Nikamwuliza anajuaje. Akasema mlangoni mwa kile kijiji kulikuwa na askari wa zamu, na watoto walipita mbele yake kwenda mtoni asubuhi na kurudi na maji. Askari yule alikuwa na tabia ya kulivuta komeo nyuma na kulirudisha, nyuma na mbele, bila sababu, labda kwa kuchoka. "Sikuwa nikimtazama usoni," nyanya akasema. "Mama alitukataza kuwatazama usoni. Nilikuwa nikiutazama mkono. Ulikuwa huu." Akauinua mkono wake wa kulia, akakunja vidole, akavuta hewa nyuma na kuirudisha, mara mbili. Mimi nilikuwa nimeliweka komeo upande wa kushoto.

Nilikimbia kutazama picha. Kumbe nilipoichora kwa kuibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, nilikuwa nimetumia upande wa nyuma wa karatasi, na kila kitu kikageuka kama katika kioo. Watu wote waliokuwa wameiona bunduki ile, walimu, wenzangu, hata wale askari wawili, hakuna aliyegundua. Aligundua mtu asiyeona.

Nikamwuliza kama anataka niibomoe. Akafikiri. Akasema babu yangu aliwahi kumwambia kwamba msituni walitengeneza bunduki zao wenyewe, kwa bomba la maji na komeo la mlango na mipira ya kuvutia. Hayo hata vitabu vya historia vinayataja, na vinasema pia kwamba nyingine zililipukia mikononi mwa wenyewe. Akasema babu alikuwa akiongea juu ya zile bunduki kama mtu anayeongea juu ya ng'ombe wake. Halafu akasema, "Rekebisha. Ukiweka kitu, kiweke kilivyokuwa."

Mwalimu wetu wa historia alinikumbusha, nilipomsimulia, kwamba kesi ya Dedan Kimathi kule Nyeri, Novemba 1956, ilikuwa ya kupatikana na bastola, na kwamba alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake iliyozinduliwa jijini Nairobi miaka 50 baadaye imeshika bunduki mkono mmoja na jambia mkono wa pili. Nilikuwa nimepita chini ya sanamu ile mara nyingi nikienda mjini. Jumamosi iliyofuata nilikwenda nikasimama pale kwa muda, nikiitazama ile bunduki ya shaba, nikihesabu vinundu kichwani. Mlinzi wa benki iliyo karibu akaanza kunitazama, nami nikaondoka.

Kulihamisha komeo si kazi ndogo kama mnavyodhani. Lilikuwa limefungwa ndani ya ukuta kwa matabaka mawili, na kulitoa kulimaanisha kufungua kishingo, na kufungua kishingo kulimaanisha kufungua nusu ya kitako. Ilinichukua jioni mbili. Nilitumia matofali 14 zaidi, na kwa kuwa yangu yalikuwa yameisha baada ya yale ya mtaroni, nilirudi Gikomba. Muuzaji alikuwa na ya waridi tu. Kwa hivyo wanaouliza kwa nini komeo la bunduki yangu ni la waridi, jibu ndilo hilo.

Nyanya alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, ukafaulu. Siku aliyotolewa bendeji alitaka kuonyeshwa. Akaitazama kwa muda mrefu, rangi zote zile, na lile komeo. "Ndiyo," akasema, "lakini ile haikuwa ya waridi." Akacheka mpaka tukamkataza, daktari asije akatulaumu.

Vipande vitatu viko katika kabati la chama, rafu ya chini, ndani ya boksi la biskuti. Ufunguo uko kwa mwalimu mlezi. Muhula ujao tunataka kujenga ngao na mikuki miwili ya bendera yetu, ngao iwe na kimo cha mtu, na kwa hesabu zangu za awali tutahitaji matofali mengi kuliko yale yote niliyowahi kuyashika. Mwenye nayo nyumbani, hata yasiyo na jina, ayalete siku ya Alhamisi baada ya masomo. Magurudumu na vichwa vya wanasesere asituletee, hivyo tunavyo vya kutosha.